Mama Birika Ahamia Upande wa Simu

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi. Mama Birika amesimama katikati ya ukumbi wenye madawati sitini na manne, birika la lita tano mkono wa kulia, trei ya vikombe mkono wa kushoto. Hamwangalii mtu. Anasikiliza.

Kila dawati lina mtu, kila mtu ana hedifoni kichwani, na wote wanaongea Kiingereza kwa wakati mmoja na wateja wa maduka ya samani yaliyo mbali huko ng'ambo. Huyu analalamikiwa kabati, yule anadaiwa meza. Mgeni akiingia humu anasikia kelele tu.

"Dawati la kumi na saba," ananong'ona. "Kashasema I see mara tatu. Huyo anatukanwa."

Anakwenda haraka, vijiko viwili vya sukari badala ya kimoja, kikombe kinatua mezani kimya kabisa. Kijana wa dawati hilo, ambaye wenzake wanamwita Kasuku, anainua kidole gumba bila hata kugeuka.

Ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka kumi na mmoja, vikombe mia moja na tisini kwa siku. Na leo ndiyo siku yake ya mwisho kushika birika, kwa sababu, jamani, Jumatatu Mama Birika anakaa kwenye dawati lake mwenyewe na kupokea simu!

Shule aliishia darasa la saba. Alipoajiriwa hapa, Kiingereza chake kilikuwa salamu ya asubuhi na asante. "Ukinivusha hapo nakimbia," anasema, akicheka mpaka trei inatikisika.

Shida ilikuwa vikombe. Ukimsogelea mtu anapoandika kwenye kompyuta, mnagongana. Ukigonga kikombe mezani, mteja anasikia. Wiki ya kwanza alimwagia chai kibodi mbili na suruali moja.

"Nikasema, hapa nitafukuzwa. Lazima nijue watu hawa wanamaliza lini na wanaanza lini. Basi nikatega sikio. Kuna neno moja kila saa wanalo mdomoni, see, see, see. Nikamuuliza binti yangu, ni nini hiyo? Akaniambia, mama, ni kuona. Nikamwambia, mbona hawa wanaona kutwa nzima na hao watu wenyewe hawawaoni?"

Alianza na neno hilo moja, akalitumia kuupanga ukumbi mzima.

Mpokea simu akisema let me see, yaani ngoja niangalie, mikono yote inakwenda kwenye kompyuta. Hapo weka kikombe kushoto na uondoke. Akisema I see mara moja, anamwonyesha mteja kwamba yupo naye, mwache. Mara tatu mfululizo, ongeza sukari. Akisema I'll see to it, amelibeba jambo hilo mwenyewe na ataligeukia birika kwa furaha. Na akisema we'll see, yaani tutaona?

"Ah, hiyo!" Anapunga mkono. "Hiyo mteja hajaahidiwa kitu. Simu inakatwa sasa hivi. Kusanya kikombe."

Neno likaleta neno. Mwaka wa tatu alikuwa anafuata mazungumzo mazima. Mwaka wa sita alikuwa anajua jibu kabla ya mpokea simu. Lakini nani angemuuliza mtu wa chai?

Miezi miwili iliyopita likabandikwa tangazo kwenye mlango wa jiko. Inaletwa mashine ya chai, unabonyeza unakunywa. Nafasi ya mgawa chai inafutwa baada ya miezi miwili.

"Nililisoma mara mbili," anasema. Anaishi vyumba viwili na binti yake, anayesoma uuguzi mwaka wa pili. Bila mshahara huo, binti angeacha masomo.

Kasuku ndiye aliyemfuata jikoni. "Mama, zipo nafasi tatu za kupokea simu. Ingia."

"Wewe mtoto, usinitanie. Nimefiwa na birika langu."

"Sikutanii. Unanisahihisha kila siku, unadhani sikusikii ukiguna?"

Msimamizi wa zamu, mama mmoja ambaye hakuna anayekumbuka kumwona akicheka, alisoma fomu yake, akaona hapana cheti cha sekondari. Kisha akasema atakayefaulu mtihani wa kusikiliza anaendelea. Zilichezwa simu ishirini zilizorekodiwa, useme mteja anataka nini. Aliyeshika nafasi ya pili alipata kumi na nne. Mama Birika alipata kumi na tisa!

Ikabaki simu moja ya kweli, msimamizi akiwa anasikiliza.

Wiki iliyopita, saa nne asubuhi, simu ikaingia. Bibi mmoja alikuwa amenunua kitanda, akaletewa vichwa viwili vya kitanda, miguu hakuna, chaga hakuna. Alikuwa analala sakafuni siku ya tisa, na alikuwa na maneno. Mama Birika alimwacha amalize yote. Akasema I see mara moja tu, taratibu. Ukumbi wote ulikuwa umekaza shingo.

Kisha akasema let me see. Na miaka kumi na mmoja ikamwinua kwenye kiti!

Badala ya kuangalia kompyuta, alisimama, akachukua birika lililokuwa nyuma yake, akammiminia chai Kasuku. Waya wa hedifoni ukavuta, kikombe kikalia ngriii. Ukumbi ukavunjika mbavu. Msimamizi akafumba macho.

Mteja akauliza, hicho ni kikombe cha chai?

"Nikamwambia ukweli. Nisamehe mama, mimi ni mtu wa chai, mkono umezoea. Moyoni nikasema basi, nimekwisha. Halafu akacheka. Akacheka mpaka akakohoa! Akasema siku tisa hajanywa chai kwa utulivu, maana kuinuka kutoka sakafuni kunamchukua nusu asubuhi."

Mama Birika akakaa, safari hii akaangalia kompyuta kweli, akakuta oda mbili zimechanganywa. Akasema I'll see to it. Kitanda kilifika siku ya tatu. Siku ya nne alimpigia bibi kumuuliza kalalaje, na hakuna aliyemtuma.

"Kwenye fomu hakuna sehemu ya kumimina chai," anasema msimamizi. "Nilimpunguzia alama mbili za utulivu." Alipata themanini na moja. Zilihitajika sabini na tano. Binti alipopigiwa simu alipiga kelele mpaka mwenye nyumba akatoka nje, na mshahara mpya ni mara mbili ya ule wa zamani.

Mashine ya chai imeshafika. Kasuku anaitazama kama mkwe asiyempenda. "Hii inanipa nikibonyeza. Mama alikuwa ananipa kabla sijajua nataka."

Mama Birika ana mpango. Anataka baada ya mwaka awe anafundisha wapya, na wiki yao ya kwanza wasiguse simu. Wabebe trei tu, wasikilize. Amempelekea msimamizi wazo hilo leo asubuhi, naye akamjibu, we'll see.

"Nikamwambia, bosi, hiyo naijua. Hiyo ni ya kukusanya vikombe!" Msimamizi akageukia dirishani haraka, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Dawati lake jipya ni la kumi na nane, jirani na Kasuku. Ameshalifuta mara mbili. Juu yake pana hedifoni, kalamu na vikombe viwili.

Kimoja chake. Cha pili ni cha bibi wa kitanda, ambaye alipokuwa anaaga simuni alisema see you, tutaonana. Kwa miaka kumi na mmoja Mama Birika hakuwahi kusikia kwamba mteja amemwambia hivyo mtu yeyote humu ndani.

"Labda kakosea, labda mazoea tu," anasema, akikigeuza kikombe ili kishikio chake kielekee upande wa mgeni. "Lakini mtu akishasema tutaonana, unamwekea kikombe."