Panchi ya Masjala

Nilimpasua mzee wa watu kichwa kwa panchi ya kutobolea mafaili, na mpaka leo sioni haya kulisema.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Mimi nilikuwa karani wa masjala, yeye ndiye mkuu wangu. Madirisha alikuwa ameyapigilia misumari, maana upepo wa Agosti ukiingia, barua za watu zinaokotwa Kizota, mtaa wa mbali. Humo ndani alivuta sigara moja baada ya nyingine, nami nina pumu tangu utotoni. Lakini wakati ule walikuwa wanapunguza wafanyakazi, na wote tulijua wagonjwa ndio wataanza. Nilikuwa na watoto wawili na mume sina, kwa hiyo nilificha. Nikibanwa, nakimbilia chooni kumeza vidonge. Nimwambie azime? Mtu niliyemwamkia shikamoo asubuhi, mchana nimfundishe adabu?

Siku hiyo vidonge viliniishia. Kifua kikakaza, nikafungua mlango nipate hewa. Akanyanyuka, akausukuma ukafungwa.

“Mafaili yangu, binti!” alifoka, na moshi wote ukanipata usoni.

Mkono wangu ukaikuta panchi, chuma kitupu. Nikampiga nayo. Nikampiga tena. Damu ikamwagikia shati lake jeupe, akaanguka, na rafu ikamporomokea na mafaili yake yote. Nilifurahi. Nilisimama pale nikihema, roho imetulia kabisa.

Mzee alikataa kwenda polisi, nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wakaniuliza kisa. “Kiburi tu,” nikajibu. Kwa kiburi wangenipa barua ya onyo, au wanihamishie Mpwapwa, na mshahara ungeendelea.

Ndipo mzee akasimama, bandeji kichwani.

“Wakubwa zangu, msimwonee. Nilipokuwa chini pale nilisikia kifua chake kinavyolia. Huyu binti ana pumu, tena kali. Moshi wangu ndio uliomtia wazimu. Mimi nimemsamehe.”

Nilitamani nimrukie nimzibe mdomo. Katibu alikuwa anaandika kila neno. Wajumbe walimsifu mzee kwa utu wake, mmoja akamshika mkono.

Mwisho wa mwezi orodha ya waliopunguzwa ilibandikwa ubaoni, na jina la kwanza lilikuwa langu.