Mifarishi ya Watu Ndani ya Friza Yetu

Nakwambieni ukweli, mpaka leo nikifungua friza ikanipiga ile harufu ya barafu na samaki, naifunga upesi. Mtasema nadeka. Hamkukulia kwetu Karama, mtaa wa wageni huko ughaibuni, ambako nguru wa chakula cha mchana alilala ubavu kwa ubavu na matandiko ya watu tusiowajua.

Mama alikuwa fundi cherehani, Mzanzibari mwenye kuchagua maneno na asiyechagua takataka. Majirani zetu walikuwa wafanyakazi wa kila nchi, kitanda juu ya kitanda. Viza ikiisha, mtu anarudi kwao na begi moja, vitu vingine anaviacha kando ya pipa nyuma ya jengo. Hapo Mama aliokota mifarishi, yale matandiko mazito ya viraka, nguo kuukuu tabaka juu ya tabaka, zimeshonwa kwa mkono. Aliifunga kwenye plastiki na kuitia friza wiki mbili ili kunguni wafe, ndipo aifue na kuikunja juu ya kabati. Kila mmoja aliushonea kitambaa kidogo chenye maandishi: umeokotwa wapi, na chini yake, "Mwenyewe hajulikani."

"Kuna mtu alikaa kitako akaushona huu, mwanangu," aliniambia. "Utatupwaje?"

Kefule! Mimi niliona nywele za watu zimenasa kwenye nyuzi. Kila kipande cha samaki nilikitafuna polepole nikitafuta ladha ya jasho la mtu, na nikaipata, wallahi.

Ulionitia kichefuchefu kuliko yote ulikuwa mwekundu, pembe yake moja ina doa la njano, linanata. Rafiki yangu wa shule alifungua friza kutafuta barafu, mfuko wa mfarishi ule ukamwangukia miguuni ukapasuka. "Ebo! Nini hiki kinanuka?" Kesho yake darasa zima liliniita Kunguni. Nilirudi nyumbani nimefura, Mama yuko kwa mteja. Nikaubeba mfarishi ule kwa ncha za vidole hadi kwenye pipa, nikasubiri hadi gari la taka likaumeza. Nilifurahi, nisiwafiche.

Hazikupita siku tatu mlango ukagongwa. Alikuwa bwana mmoja mwembamba, mpakiaji mizigo wa bandari ya Jebel Ali, akizungumza Kihindi ambacho pale mtaani sote tulikijua. Alilazwa hospitali, wenzake chumbani wakadhani harudi, wakatoa vitu vyake nje. Mlinzi wa jengo ndiye aliyemwelekeza kwetu. Mfarishi wake mwekundu, alisema, una doa la mafuta ya haradali pembeni. Marehemu mama yake alikuwa akimkanda kichwa kwa mafuta hayo, naye amelala juu ya mfarishi huo; tangu mama afe, mwanawe hakuwahi kuifua pembe ile.

Mama alipiga kigelegele. Miaka yote ile hakuwahi kuja hata mmoja! Akakimbilia friza, akatoa mfuko mmoja mmoja, kisha nguru, kisha kuku, mpaka sakafu ikalowa. Akanigeukia.

"Uko wapi?"

"Sijui, Mama."

Aliteremsha yote ya juu ya kabati, akamsihi achukue wowote. Yule bwana aliushika mmoja mmoja kwa adabu, akaukunja, akaurudisha.

"Hii ni ya mama za watu, dada," alisema. Akaacha namba yake ya simu, akashuka ngazi taratibu.

Mama hakunipiga, wala hakuniuliza tena. Lakini kila Idi alimpigia yule bwana kumwambia bado anautafuta, inshallah utapatikana. Nami nilikaa palepale mkekani, nasikia, nakula biriani yangu.

Utotoni niliamini nachukia uchafu wa watu. Ilinichukua miaka kujua ni nani aliyekuwa mchafu katika nyumba ile. Mama ametangulia mbele ya haki bila mimi kumwambia. Mifarishi ninayo mimi sasa, naianika na kuibadilisha mikunjo isikatike, wageni wananisifu, na sifa zao zinanitia kinyaa. Namba ya yule bwana ninayo pia. Sijaipiga.