Chirutha, Muosha Koduveli

Mama mkwe wangu Chirutha hakuwa tabibu, na aliyemwita tabibu alikaripiwa. Kazi yake ilikuwa kuosha sumu. Mtaani kwetu kila mtu anaujua mti wake: mwenye kikohozi hutafuna kivumbasi na tangawizi, mwenye upele huoga maji ya mwarobaini, aliyejikata jikoni hupaka manjano akaendelea kupika. Hao hawakumhitaji Chirutha. Aliyemhitaji ni mwenye bawasiri sugu, au mwenye tumbo lililokataa kusaga chakula, maana dawa yao ni mti wa koduveli wenye maua mekundu. Mzizi wake mbichi ukigusa ngozi, ngozi inatoka malengelenge kama umeshika sufuria iliyo motoni.

Basi mzizi huo hukatwa vipande vidogo, ukalowekwa katika maji ya chokaa. Maji yanageuka mekundu. Unayamwaga, unatia mengine, nayo yanageuka mekundu. Unaendelea hivyo, mara tano, mara tisa, mzizi wenyewe ndio unaoamua, mpaka maji yabaki kama ulivyoyatia. Ukiacha mapema utamuunguza mtu utumbo. Ukizidisha utakuwa umemlisha kuni.

Chirutha alifundishwa na mama yake, akaja na kazi hiyo kwa mumewe pamoja na kisu kimoja na sheria nyingi. Alipaka mafuta ya nazi viganjani kabla ya kukata. Mwenye mimba hakuruhusiwa hata kukaribia ukumbi wa kuoshea, maana mzizi huo huharibu mimba. Mimi mwenyewe nilipopata mimba alinifungasha kwa mama yangu mwezi wa pili, majirani wakasifu jinsi mama mkwe anavyonipenda. Na jioni ya kabla ya tabibu kuchimba mzizi alikwenda kwenye mti, akaupigia magoti, akauambia nani anaumwa na nini.

"Kesho tutakuja kukuchukua," alikuwa akisema. "Ni kwa ajili ya Kunjappu tarishi. Hawezi kukaa, masikini. Usiniangushe."

Siku moja nilicheka. Akaniambia, "Wewe Devayani, nikija kukung'oa meno bila hodi utafurahi?" Kwa ulimi, mama huyo hakuwa na mpinzani.

Miaka ishirini na miwili niliishi naye, na miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kuleta chokaa. Kuosha, hapana. "Mkono wako una haraka," alisema. Niliumia, sisemi uongo. Nilitaka siku moja Sankunni, tabibu wetu, alete kikapu chake aseme, "Mpe Devayani." Sankunni mwenyewe hakumwamini mwingine. Lilikuwa neno la kawaida pale kwetu: dawa ikiwa imeoshwa na Chirutha, meza ukalale.

Mwaka huo mwezi wa Karkidakam ulikuja na mvua zake, na ndio mwezi ambao kwetu kila mtu anakunywa uji wa dawa na kukarabati mwili. Sankunni akaleta kikapu kimoja cha koduveli. Mizizi mingine isingepatikana mpaka mvua ziishe, na Kunjappu alikuwa anapeleka barua akiwa amesimama juu ya baiskeli kama askari wa gwaride.

Siku ya tatu ya kuosha nilimpelekea maji ukumbini. Aliinua bakuli la mizizi, akalielekeza kwenye mwanga wa mlango, akatazama.

"Yametakata," akasema.

Nikatazama na mimi. Yalikuwa mekundu. Si wekundu wa siku ya kwanza, lakini ni wekundu ambao mtoto angeuona.

"Yametakata, Amma?"

"Una masikio au una mapambo? Nenda kaangalie wali wako."

Nikaenda. Nilijua alichokuwa anashindwa kukiona, na ghafla nikakumbuka mengine: pilipili mbichi na zilizoiva kazichanganya, sari yangu nyekundu kaiita ya kahawia. Ningemwambia nini? Mtu huyu hakuwa na kingine. Mumewe alishakufa, mwanawe yuko njiani na lori, hekaluni anakwenda kwa kuona aibu tu. Kilichomfanya asalimiwe kwanza na watu wazima ni kile kikapu. Lakini Kunjappu naye ana utumbo, na utumbo hauna heshima kwa mtu.

Nikachagua njia ya waoga. Mchana, alipojilaza baada ya kula, nikaingia ukumbini, nikamwaga yale maji, nikatia mengine ya chokaa. Yakawa mekundu kidogo. Nikamwaga, nikatia tena. Yakabaki meupe. Kwa kuwa nilikuwa na hofu, nikaosha mara nyingine mbili za kujiridhisha, halafu nikafunika bakuli kama nilivyolikuta. Nilijiona nimeokoa watu wawili kwa mpigo.

Alipoamka alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli. Nilikuwa mlangoni, hakuniona. Alichukua kipande, akakunja mkono wa blauzi mpaka juu, akakibana kwenye nyama laini ya ndani ya mkono. Akakaa. Akahesabu kwa midomo. Akakitoa, akapapasa pale alipokibana, akapapasa tena.

"Devayani!"

"Naam, Amma."

"Nani ameshika mizizi yangu?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Nne."

Akaketi chini. "Umeiua. Haina moto hata wa kumwasha kiroboto."

Hapo hasira zikanipanda, hasira za miaka ishirini na miwili. "Asubuhi yalikuwa mekundu, Amma! Mekundu! Umesema yametakata na yalikuwa mekundu. Huoni! Ulitaka kumuua mtoto wa watu?"

Akaugeuza mkono wake kwangu. Kuanzia kwenye kiwiko hadi karibu na kwapa, ngozi ilikuwa madoa kwa madoa, mengine meusi ya zamani, mengine bado mabichi. Nikaelewa kwa nini mwaka mzima alivaa blauzi za mikono mirefu katika joto lile.

"Asubuhi nilisema vile ili uondoke," akasema. "Ningebana kipande, kingeniunguza, ningeosha tena. Nimefanya hivyo tangu sikukuu ya Onam iliyopita. Sijamdhuru mtu."

"Na macho?"

"Mishipa imekufa. Daktari wa mjini alisema wekundu ndio unaotangulia kuondoka. Kilichokwenda hakirudi."

"Ulikwenda lini mjini?"

"Siku niliyokwambia nakwenda hekaluni." Akavuta pumzi. "Mungu atanisamehe, nilipita mbele ya mlango wake nikiwa ndani ya basi."

Sikucheka. Nilimletea mafuta ya nazi, nikampaka mkono, naye akaniacha nimpake, jambo ambalo hakuwahi kuliruhusu. Kipande kwa kipande alikuwa amejichoma mwaka mzima ili watu wasichomeke, na mimi ndani ya nyumba hiyohiyo nilikuwa nalalamika kuteka maji.

Kesho yake Sankunni akaja kuchukua mizizi. Alichukua kipande, akakigusisha ncha ya ulimi, uso ukamkunjamana.

"Imekufa hii. Chirutha, nini tena?"

Nilifungua mdomo. Kosa lilikuwa langu na nilikuwa tayari kulisema. Kwa kulisema, mama mkwe angebaki na jina lake, na mimi nisingepewa kikapu maisha yangu yote. Nilishakubali. Lakini Chirutha alinishika kifundo cha mkono, akakibana.

"Nimezidisha," akasema. "Mimi sioni, Sankunni. Wekundu siuoni tena."

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya vigae. Sankunni alimtazama mama yule ambaye hata baba yake yeye tabibu alikuwa akimletea vikapu. Akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza habari za msiba, "Sasa Kunjappu atasubiri. Na mvua zikiisha, nimletee nani?"

"Mletee huyu."

"Anajua?"

"Jana maji yalikuwa na wekundu kidogo tu, akauona. Mkono wake una haraka, hilo nitamwondolea. Macho siwezi kumpa mtu, na yeye anayo."

Nilikuwa nimekaa miaka ishirini na miwili nikilingoja neno hilo. Lilipokuja sikulitaka. Nililia palepale mbele ya mgeni, kwa sauti, na Chirutha akaniambia niache upumbavu nikamletee Sankunni chai.