Rekodi ya Boti ya Mzee

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikihudumia wazee majumbani mwao, Barking, mashariki mwa London. Mmoja wao alikuwa baharia wa zamani aliyefiwa na mkewe, na macho yake yalikuwa yamekwisha. Mimi Mpemba, ulimi wangu ulikataa kumwita mtu mzima kwa jina lake. Nikamwita Mzee, akalipenda.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya topido, boti ndogo ya mbao yenye mbio, iliyovizia meli za Wajerumani na kuzirushia makombora ya majini. Nikimkata kucha alinisimulia baridi na moshi wa petroli. Kila mara aliishia palepale: boti ikapigwa, ikashika moto, wakaamriwa kuruka. Rafiki yake, mpiga mzinga, alikuwa amelala sitahani. Mzee alimtikisa, akaona amekufa, akamwacha.

Alitaka kusomewa rekodi ya boti ile kabla hajafa. Nikamwandikia barua kwenda ofisi ya nyaraka za jeshi la majini, na baada ya wiki kadhaa ikaja bahasha yenye kurasa nne. Nikavua koti, nikakaa karibu yake, nikaanza: siku boti iliposhushwa majini, injini zilizobadilishwa, meli ilizozamisha. Alitabasamu, akinisahihisha matamshi ya majina ya bandari, moja moja.

Ukurasa wa mwisho niliusoma kwa sauti kabla sijauelewa. Mpiga mzinga aliokotwa baharini asubuhi yake na boti nyingine, yu hai. Alifia hospitali siku ya sita.

"Soma tena," Mzee akasema.

Nikasoma tena. Akauliza hospitali ya wapi, nikamtajia mji. Akapapasa meza, akaweka kikombe chake cha chai.

"Nilikuwa mji huohuo," akasema. "Walitupa likizo. Nilikuwa nikienda dansi."

Nikamshika mkono, nikamwambia hakujua. Akajibu kwamba hilo analielewa. Kisha akaniuliza kama wameandika nani alikaa naye siku zile sita. Nikapekua kurasa zote, mbele na nyuma.

"Hawakuandika, Mzee."

Muda wangu ulikuwa umekwisha, na bibi mmoja mtaa wa pili alikuwa akinisubiri nimwogeshe. Nikasaini fomu, nikamwacha kitini.

Kesho yake hakutaka kunyolewa. Nilimchokoza kwa habari za injini, akaniomba niwashe redio. Tangu siku ile hakuitaja boti tena. Chakula alikuwa akikionja tu na kukisukuma. Miezi miwili baadaye akafariki. Mazikoni tulikuwa watu watano, wawili kati yetu wahudumu wa wazee.

Mume wangu husema nilitenda haki, mtu hafichwi habari za rafiki yake. Simbishii. Lakini yalikuwa maneno machache tu chini ya ukurasa, na Mzee alikuwa haoni. Ningeyaruka, asingejua.