Mama na Redio ya Upepo

Nikisikia harufu ya risasi ya kuungia nyaya ikiyeyuka kwa mafundi redio, ninamwona mama, nesi wa zahanati yetu kule juu ya Karatu. Siku moja mjamzito alikuwa anavuja damu, gari la wagonjwa lilikuwa bonde la pili, na redio ya upepo, ile ya kumwitia dereva, ilikuwa imezimika mkononi mwa mama. Akaifungua kwa bisibisi ya cherehani.

"Umewahi kufungua hii, nesi?" mume wa mgonjwa akauliza.

"Bado," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Lakini aliyeifunga ni mtu."

Waya wa betri ulikuwa umeachia. Akapasha msumari jikoni kwetu, nyuma ya zahanati, akabandua risasi kwenye redio yetu nzima ya nyumbani, akauunganisha ule waya. Redio ikakoroma, mama akaita, kisha dereva akaitika, "Nakuja."

Wiki chache baadaye yule mwanamke alipita zahanati kwa miguu, mtoto mgongoni, akielekea mnadani.