Chaneli ya Polka Ilipozimwa

Albina Kucera hakuwa mtu wa televisheni. Alikuwa mtu wa bata bukini, wa kabichi, na wa kusema ukweli hata pale ambapo uongo mdogo ungempunguzia kazi. Televisheni ilikuwa ya Ervin, mumewe, na Ervin naye alikuwa na kipindi kimoja tu: saa ya polka, ngoma ya mababu zetu, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Huku kwetu Nebraska, kwa wajukuu wa Wacheki, kipindi hicho ni misa ya pili. Bendi hupiga ukumbini, wazee huzunguka wawili wawili, kamera huwarekodi, na baada ya mwezi au miwili hujitazama nyumbani na kulaumiana.

Mwezi wa nane Ervin na Albina walicheza wakarekodiwa. Mwezi wa tisa Ervin alitoka kwenda kutazama pampu ya maji, hakurudi mezani. Moyo ulisimama. Picha alizoacha zote amekakamaa, utadhani anapimwa suti. Lakini kwenye kipindi kile angeonekana akienda na kugeuka, akiwa mzima. Kingeonyeshwa mara moja tu, Jumapili moja ya mwezi wa kumi, na Albina aliingoja Jumapili hiyo kama watu wanavyomngoja mgeni kituoni.

Zilipobaki siku chache, akawasha televisheni ajizoeze vitufe, akakuta chaneli imekuwa nyeusi, ina maandishi tu. Wenye chaneli walitaka kampuni ya dishi iwaongezee malipo. Kampuni ikasema wenye chaneli wana tamaa. Kila upande ukaandika kwamba unampenda sana mtazamaji. Basi kwa mapenzi hayo wakamzimia. Mnajua tembo wakipigana nani huumia, sina haja ya kumalizia.

Albina alipiga simu kwa kampuni. Akapokea binti mwenye sauti ya upole, wa mji wa mbali.

"Samahani kukusumbua, mwanangu," Albina alisema. "Najua una kazi nyingi."

"Hakuna shida, mama. Hiyo chaneli kwa sasa haipo, ila naweza kukufungulia chaneli za michezo bure. Nikufungulie?"

"Labda siku nyingine, mpenzi."

Sasa hapo ndipo mtu wa huku anapoumbuka. Kwetu "labda" ni hapana iliyovaa nguo za kanisani, kila mtu anaijua. Binti wa watu alikolelewa, labda ni njia ya kwenda kwenye ndiyo. Albina alikata simu akiwa amemshukuru na kumwombea mvua njema, na kesho yake king'amuzi kikajaa mieleka na watu wanaowinda kulungu. Polka hakuna.

Hewani chaneli ilikuwa bado inarushwa bure kwa mwenye antena, ila nyumba yake ilikuwa bondeni, kilima kimeikinga. Antena ya kawaida haikunasa kitu. Majirani wote wa bonde walikuwa na dishi la kampuni ileile. Antena ya mlingoti mrefu ilikuwa moja tu, kule kilimani kwa Ladislav, mdogo wake Ervin, aliyekuwa akisema hawezi kulipia hewa. Na kwa Ladislav Albina alikuwa ameapa hatakanyaga.

Baba yao alipokufa, Ladislav aliiuza kodiani ya mzee, kinanda chake cha kupigia polka, kwa mtu wa mjini Omaha bila kumuuliza kaka yake. Ndugu wakanuniana, miaka ikapita. Hayo Albina angeyasamehe. Lakini siku ya maziko ya Ervin, Ladislav alisimama nyuma kabisa ya kanisa, kisha akaondoka kabla watu hawajaketi kula. Huku kwetu kukikimbia chakula cha msiba ni kumwambia mfiwa kwamba maiti wake si wako. Hilo hakulisamehe.

Jumamosi alikanda unga akichukia kila donge. Hata hivyo alioka kolache, vile vimkate vya mbegu za mpopi, kwa sababu hata nyumba ya adui haiendwi mikono mitupu. Jumapili akapanda kilima kwa gari.

Ladislav alifungua mlango ameshika kofia, kana kwamba yeye ndiye mgeni.

"Karibu, shemeji."

"Ushemeji uweke kando. Nimefuata antena."

"Antena iko juu ya paa. Humu ndani kuna televisheni."

"Basi hiyohiyo."

Alimpa sahani, akaketi. Ladislav akachukua kolache moja, akaishika tu.

"Kula," Albina akasema. "Au unataka kukimbia tena?"

"Siku ile nisingeweza kumeza, shemeji."

"Ungeshika hata sahani. Watu waliona."

"Najua waliona."

Hakujitetea zaidi, na hilo lilimuudhi Albina kuliko ambavyo ugomvi ungemuudhi. Kwenye televisheni bendi ilianza. Picha ilikuwa na chengachenga, ikatulia. Wakapita wanandoa wa mji wa jirani, akapita mjane mmoja na binti yake. Kisha Ervin akatokea.

Albina alishika ukingo wa kiti. Alikuwa yeye kabisa, bega la kulia limeshuka kidogo, mdomo umebanwa. Uchungu ulimpanda hadi machoni na furaha ikaja nao, asijue ashike kipi. Alijiona naye, gauni la kijani, akisukumwa taratibu kuelekea mbele, mbele, hadi karibu na kamera. Akakumbuka alivyomgombeza siku ile: sakafu yote hii, kwa nini kila tukija tunabanana hapa? Ervin alijibu kwamba hapo panateleza vizuri. Naye alidhani mzee anapenda kujionyesha.

Pale mbele ya kamera mkono wa Ervin ulikuwa mgongoni kwa mkewe. Vidole viwili vikainuka, vikashuka.

Kwenye barabara zetu za changarawe madereva wakipishana huinua vidole viwili juu ya usukani. Humsalimia hata mgeni, hata muuza bima. Ervin na Ladislav walikuwa wakipishana mikono imeganda, na bonde zima lilijua.

Albina aligeuka. Ladislav alikuwa amekodolea macho kioo, na juu ya mkono wa kiti vidole vyake viwili vilikuwa vimeinuka.

"Huwa anafanya hivyo?" Albina aliuliza.

"Kila mkionyeshwa."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoacha kusemeshana. Sijakosa Jumapili hata moja."

"Na wewe ukawa unakijibu kioo, Ladislav? Mtu mzima?"

"Nilikuwa nasubiri nimjibu barabarani," alisema. "Tulipishana mara nyingi tu. Mkono ukawa mzito."

Albina alikuwa na neno kali la kumwambia, tena la haki. Alilitazama, akaliacha lipite. Kwenye kioo kamera ilikuwa imeshahamia kwa watu wengine, lakini wimbo ulikuwa haujaisha. Alisogeza kiti chake karibu na cha shemeji yake, wakakaa wakingoja, huenda Ervin angezunguka ukumbi na kupita tena.