Nakala ya Saa Mbili Asubuhi

Kwa miaka saba Dalmas Sitati hajaingia kanisani Jumapili ya kwanza ya mwezi, na simhurumii kwa hilo, maana huwa niko naye kazini. Kampuni yetu ni ndogo, iko hapa Nakuru juu ya duka la dawa za mifugo, na kazi yake ni kutunza tovuti za watu: shule, wauza mbegu, wachinjaji wa Kikopey wanaotaka nyama yao ionekane mpaka Nairobi. Sitati ndiye fundi wa seva. Mimi, Wamuyu, huwaandikia wateja notisi na kupokea simu za matusi.

Kila mwezi ghala la maandishi yote ya wateja husafishwa na kurekebishwa, na kwa muda huo tovuti zote huzimwa. Mwenye kampuni, Njuguna, ni mzee wa kanisa. Ndiye aliyeamua zamani kwamba wakati mzuri ni Jumapili saa nne asubuhi, kwa kuwa Nakuru nzima iko ibadani. Sote tukakubali. Hakuna aliyewakumbuka Wasabato, na mtaani kwangu nawaona kila Jumamosi na Biblia zao kwapani.

Utaratibu unataka uzime kwanza, unakili kila kitu, ndipo uanze kazi. Lakini kunakili huchukua karibu saa nzima, na Njuguna alitaka dakika ishirini tu. Basi Sitati akawa ananakili saa mbili, tunateremka kunywa chai na chapati, na saa nne anazima. Chochote kilichoandikwa katikati hapo hakimo kwenye nakala. Kila mara aliniuliza nani anaandika Jumapili asubuhi, nami nikicheka na kuongeza sukari.

Mwezi wa Juni kazi iliharibika. Umeme ulikatika katikati ya marekebisho, betri zikagoma, maandishi yakavurugika yote. Umeme uliporudi, Sitati akarudisha ile nakala ya saa mbili. Ilipofika saa nne na dakika kumi na nane tovuti zote zilikuwa zimerudi, nami nikampigia makofi. Najuta makofi yale.

Edinah Ogada alipiga simu Jumatatu akiwa hospitalini. Ni Msabato, na Jumapili kwake ni siku ya kazi. Baba yake, Mzee Ooko Ogada, alikuwa fundi wa injini za reli tangu ujana wake. Kila Jumapili asubuhi Edinah alikaa kando ya kitanda chake akiandika maisha yake, kwa maneno ya mzee mwenyewe, moja kwa moja kwenye ukurasa wa familia tunaoutunza sisi. Jumapili ile masimulizi ya mzee yalikuwa yamefika kwa mama yake Edinah, aliyefariki akimzaa. Kwa miaka arobaini na mmoja hakuwahi kusimulia habari zake. Siku hiyo aliongea kuanzia saa mbili na nusu bila kuombwa. Jioni kiharusi kikampiga na mdomo ukafungika.

Muuguzi alimshauri Edinah amsomee mzee mambo anayoyajua. Alipofungua ukurasa akakuta umeishia Jumapili iliyotangulia. Aliniomba kwa adabu sana nimwangalizie, kama mtu aliyesahau mwavuli dukani.

Sitati alitafuta siku tatu. Baadaye aliniambia alijua tangu dakika ya kwanza kwamba hakuna kitu. Alikuwa anatafuta kwa woga. Njuguna alituagiza tuseme bado tunafuatilia, mpaka mteja achoke mwenyewe. Wateja huchoka, na ndivyo tulivyodumu katika biashara hii.

Alhamisi Edinah akapanda ngazi zetu mwenyewe, na miguuni bado amevaa ndara za wodini. Sitati akasimama.

"Madam, hakuna," akamwambia. "Hiyo kazi ya mzee ilipotea, na ni mimi nilipoteza. Backup nilifanya mapema."

Nilitegemea kelele, na kusema kweli nilizitaka. Edinah akaketi, akauliza ni nani aliyeandika ile notisi ya Ijumaa. Nikasema ni mimi.

"Niliisoma," akasema. "Ilisema dakika ishirini tu. Ikafika saa nne kasoro, nikamwambia, baba, ngoja kidogo, hawa watu wanafunga. Yeye alitaka kuendelea. Nikamwambia apumzike, tutamalizia wakirudi. Akalala."

Nilishindwa kumtazama. Notisi ile ninayo kichwani hadi leo, maana kila mwezi nilikuwa naituma ileile.

Sitati akamsihi aandike japo anayoyakumbuka. Edinah akatoa simu, akaandika kwamba mama alikuwa na mwanya, na kwamba alifika Nakuru kwa treni akiwa amebeba kuku. Hapo akakwama.

"Kuna vile alisema mama alikuwa anacheka," akasema. "Nakumbuka nikilia nikiandika. Lakini hayo maneno yenyewe sina." Akaitazama ile mistari miwili, kisha akaifuta. "Hii ni mimi naongea. Si baba."

Mzee Ooko alizikwa mwezi uliofuata, hakuwa ametamka neno tena. Siku hizi Sitati anazima kwanza, ndipo ananakili. Inachukua saa nzima na zaidi, wateja wananitukana, na Njuguna ananuna. Maji yakimwagika hayazoleki, na Sitati anajua hivyo kuliko sisi sote.

Kila mwezi tukimaliza, kabla ya tovuti nyingine yoyote, anafungua ule ukurasa wa akina Ogada kuhakikisha umerudi. Hurudi vizuri, bila herufi kupungua. Anasoma mstari wa mwisho, maneno ya mzee ambayo Edinah aliyaandika wiki moja kabla ya Jumapili ile, kisha anaufunga ukurasa. Mstari wenyewe unasema: Habari za mama yako nitakupa Jumapili.